Bastola Yako na Mchi Wangu

Mume wangu Nassor,

Huku Edmonton sote wazima, na mama yako kapona mafua. Unaniuliza, mjukuu wangu, bastola ya kujilinda huko Texas iwe ya risasi za milimita tisa au kubwa zaidi? Bibi yako silaha yake ilikuwa mchi.

Tulikuwa wageni hapa, tumeyakimbia mapinduzi. Mtu akagonga mlango bila kupiga hodi. Unguja siku zile, asiyepiga hodi alikuja kuchukua mtu. Nikafungua huku nimeinua mchi wa kinu. Kumbe jirani Mzungu, kashika nepi za mama yako zilizopeperushwa na upepo! Akautazama mchi, akaniuliza napika nini.

Mchi niliushusha. Risasi, ndogo au kubwa, hairudi.

Anakusalimu Joan, yule yule wa nepi, aliyekufundisha baiskeli.

Bibi yako