Gololi ya Sita

Zuhura mjukuu wangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu, nakuandikia wewe kwanza. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Usicheke nikikuita mjukuu. Nina miaka kumi na saba, lakini baba yako ananiita mama mdogo, basi mimi ni bibi yako. Huku Mkata tu wazima, mahindi yamebeba.

Umeuliza kwa nini baba yako aliacha gereji ya kaka yangu Rajabu, akarudi Kerenge kulima. Siku ile tulikuwa tunarudisha vali bodi, kile kipande kinachogawa mafuta, kwenye gia boksi ya otomatiki. Kazi yangu ilikuwa kubandika gololi sita ndogo kwenye vitobo vyake kwa mafuta ya mgando, zisidondoke baba yako akiinyanyua chini ya gari. Alipomaliza kukaza bolti, nikaona gololi moja sakafuni, karibu na mguu wangu. Niliona haya kusema. Nikaitia mfukoni.

Gari likagoma kwenye mlima wa Kwashemshi, likarudi linavutwa. Rajabu akafungua, akahesabu.

“Mpwa, vitobo sita, gololi tano. Macho umemwachia mkeo?”

Baba yako akanitazama mara moja tu. “Nimekosa, mjomba.”

Rajabu akamwambia afungashe virago.

Tulinyamaza wote wawili, Zuhura, na wote kwa ajili yangu.

Sasa nasikia Rajabu anakuja mlangoni. Siku zote nikiandika huwa nafunika karatasi kwa daftari la Kiingereza, asiisome. Leo daftari nimeliweka chini, karatasi ikae wazi mezani.

Bibi yako,
Mwanaidi