Dawa Nyeupe Isiyo Damu

...na bado sijakueleza habari ya yule panya, dadangu Wambui. Wanasayansi walimzamisha ndani ya chombo kilichojaa kitu kama maji, akaendelea kupumua! Usicheke. Mume wangu ndiye aliyenisomea kutoka jarida kuukuu la sayansi, kichwa changu kikiwa mapajani pake. Ndiyo, nimeolewa! Njoroge anafundisha kemia hapa Ruiru, na akitamka "florini" mimi nasikia ananiimbia.

Anasema hayakuwa maji. Ni kiowevu cha kaboni na florini, na oksijeni huyeyuka ndani yake kwa wingi wa ajabu. Ng'ambo madaktari wanakijaribu kwenye mapafu ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Kikitengenezwa kwa namna nyingine huwa cheupe kama maziwa, na hutiwa mshipani kibebe oksijeni kwa muda damu inapopungua. Na si damu, Wambui. Hakuna hata tone la damu ya mtu.

Nililia. Nilikuona tena kwenye kile kitanda cha Thika, mtoto ametoka salama, wewe unavuja, midomo imekuwa kijivu, na Baba amesimama kati yako na daktari: "Katika kanisa letu hatuongezwi damu." Ulinishika kidole ukaninong'oneza, "Ciku, mwambie daktari nakubali." Sikumwambia. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilimwogopa Baba. Nisamehe.

Sasa mimi pia nina mimba. Kwa hivyo nilikimbia hadi nyumbani Witeithie kumpa Baba habari ya dawa nyeupe. Alifurahi! Wazee wa kanisa waliiombea siku nzima, akina mama wakapiga vigelegele, utadhani tayari imefika kwa duka la dawa. Nami mjinga nikaimba nao. Nilipoiulizia kliniki, nesi alicheka mpaka akashika meza. "Mami, hiyo bado wanaipima huko kwao. Hapa tuko na damu ya watu, na hata hiyo tunaombaomba."

Nikarudi kwa Baba. Akasema, "Basi tutangoja ifike."

Tutangoja! Ati tumbo nalo liambiwe lingoje!

"Baba, Wambui alingoja," nikamwambia.

"Huyo mwalimu amekuharibu."

"Hapana, Baba. Amenipenda."

Nikaondoka chai ikiwa imemiminwa. Unajua kwetu hilo ni tusi. Kesho yake nikaenda kliniki nikaweka sahihi: nikivuja, niongezwe damu. Njoroge akatia yake chini ya yangu, halafu huyo akakunja shati, akalala, akatoa damu yake kwa yeyote atakayeihitaji, huku akinitabasamia kama siku ya harusi. Wambui, nilitaka kumbusu mbele ya manesi!

Wazee wamesema watanitenga. Wanitenge. Hiyo dawa ikifika siku moja nitaishangilia kuliko wote, lakini sitakufa nikiisubiri.

Pumzika, mpenzi wangu. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja hapo ulipolala, shambani kwa Baba. Sitapitia nyuma. Nitapita mbele ya nyumba yake mchana, tumbo likitangulia, nimeshikana mkono na mume wangu. Baba akiniuliza nimefuata nini, nitamjibu kwa sauti kwamba nimekuja kumwamkia dadangu.

Wako,
Ciku