Nyuzijoto Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Leo meneja katuletea ukombozi. Umekuja ndani ya boksi. Vipimajoto! Kimoja kwa kila lori la maziwa. Kinaning'inizwa kule nyuma kwenye mzigo na kinatuma joto moja kwa moja kwenye skrini ofisini kwangu. Kijani, mzigo salama. Nyekundu, maziwa yanaharibika. Meneja anasema sasa lori litajisemea lenyewe. Kumbe miaka yote hii nalipwa kusimamia madereva, na kilichohitajika ni kidude chenye betri.

Madereva walisikiliza mikono kifuani. Profesa — tunamwita hivyo kwa sababu ana jibu la kila kitu — aliuliza kama kidude hicho kitasaidia na kushusha kreti. Meneja hakucheka. Shemeji alikuwa mstari wa mbele, anaitikia kwa kichwa kila neno. Ni mume wa mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hapa, na mdogo wangu ananishukuru kila tukionana. Mwenyewe bado anatafuta nafasi ya kushukuru.

Jumanne, 4 Machi

Skrini nyekundu tupu! Dereva akifungua mlango dukani, joto linapanda, meneja ananipigia mimi, mimi nampigia dereva, dereva anauliza kama apitishe kreti dirishani. Profesa kadai kipimajoto chake kina homa, kipewe likizo ya ugonjwa.

Lori moja tu limekuwa kijani siku nzima. La shemeji. Nyuzijoto mbili asubuhi, mbili mchana, mbili anarudi. Na lile ndilo lori kongwe kuliko yote, mpira wa mlango wa nyuma umekwisha hadi ukiwa ndani unaona nje. Nilijivunia kweli. Nikampigia mdogo wangu kumpa habari.

Alhamisi, 6 Machi

Meneja kapenda, haoni wala hasikii. Kaamuru shemeji awafundishe wenzake. Basi tukajazana kwenye chumba cha madereva, shemeji kasimama mbele, kachomekea shati, anatoa mhadhara kuhusu "nidhamu ya mlango". Fungua, toa kreti, funga. Elimu ya juu hiyo! Madereva wameinamia vikombe vya chai, mabega yanatikisika. Nikasema moyoni, wivu huo.

Ijumaa, 7 Machi

Malori mawili mengine yameanza kuwa kijani. La Profesa mojawapo. Meneja anasema ni matunda ya mafunzo.

Jumamosi, 8 Machi

Mpishi wa shule ya chekechea kapiga simu. Maziwa yamekatika sufuriani, si mara ya kwanza wiki hii. Na jana watoto kadhaa walirudi kwao wakitapika. Nikamuuliza, kwa ile sauti yangu ya ofisini, kama sufuria ilioshwa vizuri.

"Dada," akasema, "sufuria yangu njoo uilambe. Halafu nije mimi nilambe lori lenu."

Shule hiyo iko kwenye njia ya shemeji. Aliporudi nilisubiri aende msalani, nikapanda nyuma ya lori. Joto la mle ungeanika nguo zikakauka. Kwenye kona, boksi la barafu, la kubebea vinywaji. Nikafunua. Kati ya barafu na chupa ya soda, kipimajoto kimelala, kimefungwa mfuko wa nailoni kisilowe. Kimetunzwa kuliko maziwa!

Nidhamu ya mlango. Na wale wawili wa jana, bila shaka, wamehitimu.

Shemeji alinikuta humo humo. Hakubisha. Mashine ya baridi ya lori lake imekufa tangu mwezi uliopita. Akisema, lori litapelekwa gereji, na hapa dereva asiye na lori anakaa benchi mpaka lirudi. Gereji yetu hairudishi, inazika. Hilo nalijua, nimewaona waliokaa benchi mpaka wakaacha kuja. Nikamwambia kuna watoto wametapika. Akaangalia viatu vyake. Nilikasirika hata tusi la kumfaa sikulipata.

Nimempa mpaka Jumatatu asubuhi amweleze meneja kwa mdomo wake. Kesho hatufanyi kazi, hakuna tone litakalotoka.

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu kaja. Salamu ya juujuu, kakaa ukingoni mwa kiti kama amekuja kwa daktari. Alitaka nimwachie mumewe, mashine atamtafutia fundi wa mtaani. Nikamuuliza watoto wanywe nini wakati fundi anatafutwa. Akalia. Nami machozi yalinilenga, ila mimi ndiye mkubwa, nikaenda kuchemsha chai.

"Wewe ndiye uliyemwingiza pale, dada," kasema mlangoni. "Usiwe wewe wa kumtoa."

Nimemwambia hatoki mtu, aende tu akaseme mwenyewe. Nitasimama upande wake kwa meneja. Nilisema kwa moyo wote, na yeye akanikumbatia.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika ofisini, huku dirisha liko wazi.

Asubuhi nimemwona shemeji akiingia kwa meneja. Wamekaa muda mrefu. Nikafurahi! Nikaanza kupanga maneno ya kumtetea. Mlango ukafunguka, wakatoka wanacheka. Meneja katangaza uani kuwa dereva wetu bora, kwa ridhaa yake mwenyewe, amekubali kuongezewa njia: maziwa ya wodi ya watoto, hospitalini. Tukapigwa picha. Mimi katikati, kama mama wa bwana harusi.

Ujumbe wa mdogo wangu umeingia sasa hivi: *Asante dada. Kanipigia, amesema ameshamweleza meneja kila kitu na ameeleweka. Mungu akubariki.*

Nimeusoma mara mbili.

Lori liko mbele ya geti. Limepakiwa, mlango wa nyuma bado uko wazi, jua linapiga mpaka kreti za mwisho. Nikigeuka kwenye skrini: kijani, nyuzijoto mbili. Shemeji kajiegemeza dirishani mwa lori, ananipungia mkono. Anatabasamu vizuri, sijawahi kumkatalia hilo.

Mlinzi ananiuliza kwenye redio kama afungue geti. Pasipo neno langu halifunguliwi, ndiyo madaraka yangu yote hapa. Nimemwambia asubiri.

Ameuliza tena.

Nimesema asifungue. Maziwa yote yashushwe, na malori mengine yarudishwe yakaguliwe. Kelele uani. Shemeji kashuka, kaacha mlango wa lori wazi, mikono kichwani, hanitazami tena. Meneja anatazama juu kwangu, kisha saa yake, kisha juu tena. Sasa wanapanda ngazi, wote wawili, nasikia viatu.

Simu inaita. Ni mdogo wangu.