Kicheko Nyuma ya Mlango wa Meneja

Jumanne. Songea leo ina ile baridi ya Juni inayomfanya mtu ajute kunawa uso. Naandika haya kwenye kafe ya intaneti, vidole vimekufa ganzi na roho imechafuka.

Kiwandani kwetu tuna desturi moja: kwa meneja haingii mtu peke yake. Tulijiwekea wenyewe, sisi wanachama, mwekezaji alipokinunua kiwanda. Wakiingia wawili, mmoja anakuwa shahidi wa mwenzake.

Leo Mzee Nyoni, mwenyekiti wa tawi letu la chama cha wafanyakazi, ameingia peke yake.

Alikwenda kumtetea Stella, mwenzetu wa kuchambua tumbaku. Vumbi limemkaa kifuani, akaomba ahamishwe sehemu nyingine, akaambiwa asirudi tena kazini. Mimi ni mjumbe wa kamati, nilipaswa kuwa wa pili. Mlangoni Mzee akanigusa bega: "Wewe ngoja hapa, mwanangu. Haya mambo yanataka watu wazima."

Nina watoto watatu, lakini nikangoja.

Kisha nikasikia wanacheka.

Kicheko! Kwenye habari ya kifua cha Stella kuna cha kuchekesha gani?

Mzee alitoka ananukia chai ya tangawizi. Akasema tuvumilie, mwekezaji akiudhika atafunga kiwanda, turudi wote kulima mahindi. Huenda ni kweli. Lakini maneno hayo meneja angeweza kutuambia mwenyewe, mdomo anao. Chama hakikuundwa kutuletea maneno ya meneja, kiliundwa kumpelekea ya kwetu. Hata tukishindwa, basi tujue ni nini kilisemwa kwa niaba yetu. Enzi zile kiwanda kikiwa cha serikali, kazi ya Mzee Nyoni ilikuwa kuwasomea wageni risala. Naona wageni wamebadilika, risala ni ile ile.

Labda namwonea. Labda walikuwa wanachekea habari za mpira.

Jioni nimepita mtaa wa Mfaranyaki kwa Stella. Nimemkuta amejitanda kanga mbili, anakohoa huku akinisogezea kigoda karibu na jiko.

"Wamesemaje?" akaniuliza.

"Suala lako linashughulikiwa," nikamjibu.

Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Yalinitoka laini kabisa, utadhani mwenyekiti ni mimi.

"Kwani ulikuwemo ndani?"

"Hapana. Nilikuwa nje."

Alinitazama vile ninavyomtazama Mzee Nyoni, na nikaona aibu.

Wazee husema asiyekuwepo na lake halipo. Stella hakuwepo, na mimi sikuwepo. Kesho asubuhi tutaingia wawili, mimi na yeye mwenyewe. Nimemwahidi hivyo kabla ya kuaga, kisha nikamwomba jambo moja tu: tukifika pale mlangoni, nikimwambia angoje nje, asinikubalie.