Usiku Niliokuwa Mume wa Bibi

Chumba cha Wasindikizaji,
Hospitali ya Macho,
Alhamisi, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, na ukishazipokea zipe kiti, maana zimetoka mbali na zimechoka kama mwenye kuzituma. U hali gani? Mgongo je, ule uliosema haukupi usingizi? Na Mjomba, bado anabishana na redio? Sisi huku wazima, ila mimi miguu imevimba na shingo haigeuki upande wa kushoto. Bibi hajambo, na habari zake ndizo zilizonikalisha kuandika badala ya kulala.

Nilikwambia kwenye simu kwamba tunampeleka nje ya nchi kutibiwa macho, lakini ilikatika kabla sijakueleza alivyokubali. Madaktari wa nyumbani walikuwa wameshasema jicho la kulia limekufa, limebaki la kushoto, nalo lina mtoto wa jicho aliyekomaa. Bibi alikataa katakata. Alisema waliobaki kwake ni watoto wawili tu, mmoja kaenda mbali na mwingine kaja kukaa jichoni, sasa huyo wa karibu naye tunataka kumfukuza. Tukacheka, tukakata tamaa. Kisha siku moja, namkata kucha, akauliza kama akitibiwa ataweza kukuona wewe. Nikamwambia ndiyo, Mungu akipenda. Akaniambia basi nikate tiketi.

Kwa hiyo ujue, aliyemtoa Bibi nyumbani ni wewe.

Madaktari wanaopasua hapa ni wageni, wanakuja kwa msimu na kuondoka. Tulipewa zamu ya asubuhi ileile ambayo treni ingefika. Ukikosa zamu anapewa mwingine, na wao wanafunga mizigo yao.

Treni yenyewe nisikufiche, ilinitoa roho. Unajua kazi yangu ni makochi, na fundi makochi akisafiri macho hayapumziki. Kitanda changu kilikuwa ubao uliovishwa ngozi ya bandia, sponji yake imekufa zamani, na mshono wa pembeni umeachia kiasi cha kuingiza ngumi. Bibi alilala kitanda cha chini, mimi cha juu. Katika nchi hii wanaume na wanawake hulala mabehewa tofauti, isipokuwa mtu na mkewe, au mgonjwa na msindikizaji wake. Sisi tulipewa chumba kimoja kwa sababu barua ya hospitali ilisema mgonjwa na mjukuu wake.

Giza lilipoingia akapita mkagua tiketi, mtu mwembamba mwenye uso wa kuamka vibaya. Lugha yake sikuijua, yangu hakuijua. Chumba cha pili kulikuwa na mama mmoja muuza sufuria ambaye amewahi kufanya biashara kwetu, akaitwa atafsiri. Mkagua tiketi hakuniuliza mimi, alimuuliza Bibi, huyu mwanamume ni nani wako.

Bibi hata kichwa hakugeuza. Akasema, "Mume wangu."

Shangazi, wewe unajua ameniita hivyo tangu natambaa, kama bibi yeyote na mjukuu wake. Lakini Mama Sufuria, kwa uaminifu wake wote, akatafsiri neno kwa neno. Mkagua tiketi akaangalia barua, ikasema mjukuu. Akaangalia pasipoti yangu, akamwangalia Bibi, uso ukafunga. Akauliza tena. Bibi akadhani anataniwa, na kwenye utani yule hajawahi kushindwa, akaongeza kwamba ndiyo, ni mume, ila mvivu, hata nguo hamnunulii. Hilo nalo likatafsiriwa.

Mkoba wa Bibi ulikuwa begani kwangu, na pasipoti yake mfukoni mwangu. Nikajiona kama wanavyoniona, jitu zima linaburuta kikongwe asiyeona kwenda kusikojulikana. Nilijaribu kueleza kwa mikono, nikazidi kuharibu. Wakaitwa askari wawili wa treni. Wakaamua tushushwe kituo kinachofuata, tuhojiwe kutakapokucha. Nilimshika Bibi bega nikamwambia, "Bibi, hawa hawajui utani. Wanatushusha, na jicho litatupita."

Kisha akashika nguzo ya kitanda, akasimama, akasema polepole ili Mama Sufuria asiache neno:

"Baba yake huyu nilimzaa mimi. Nilipomzika, nikaanza kulea upya. Namwita mume kwa sababu wanaume wengine wote wa nyumba yangu wako chini ya ardhi. Mkitushusha, sawa, nyinyi ndio wenye treni. Lakini mjue nilikuwa nakwenda kupata jicho la kumwonea binti yangu."

Askari mmoja, yule mtu mzima, alivua kofia akajikuna kichwa, akamwambia mwenzake jambo kwa sauti ndogo. Tukaachwa. Ila mkagua tiketi hakukubali kutoka mikono mitupu, akasema kama mimi si mume basi nikalale kwa wanaume, barua au pasipo barua. Sikuwa na nguvu ya kubisha. Mama Sufuria akahamia kitanda changu.

Kwa wanaume sikwenda. Nilikaa sakafuni pale mabehewa yanapoungana, mlango wa choo ukinigonga goti kila anapotoka mtu. Nililia, Shangazi, nakwambia wewe tu. Sikulilia sakafu. Nilikuwa nawaza ataamka apapase anitafute, asinipate, na ni mimi niliyemwahidi sitamwachia mkono. Kulipokucha nikamkuta amekaa juu ya furushi la sufuria, amesukwa nywele, anamfundisha Mama Sufuria matusi yetu. Mimi ndiye niliyekuwa na sura ya mgonjwa. Zamu yetu tuliiwahi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Jana walimtoa bandeji. Alitazama dirisha, akatazama viatu vya muuguzi, akanitazama mimi akasema nimenenepa.

Kisha akafungua pindo la nguo yake akatoa picha yako, ile uliyompa jirani amletee. Ilipofika macho yake yalikuwa yameshafunga ukungu. Miaka yote hii amewaonyesha wageni, pengine kichwa chini miguu juu, nasi hatukuwahi kumsahihisha. Aliishika karibu na pua, akaitazama mpaka nikaanza kuogopa.

Akasema, "Huyu ni mama yangu."

Nikadhani dawa bado zinamchanganya. Nikamwambia, hapana Bibi, huyo ni Shangazi. Akasema anajua ni nani, yeye si mjinga, lakini hiyo ndiyo sura ya mama yake wakati anamzika. Alimuaga binti mwenye mashavu, amerudishiwa mtu mzima mwenye mvi. Hakulia, wamemkataza kulia. Alisema tu, "Amezeeka, nami sikuwepo," akageukia ukutani.

Daktari aliniita kando leo asubuhi. Mtoto wa jicho ametoka, lakini kile kilicholiua jicho la kulia kimeanza na hili. Dawa zitakipunguza mwendo, hazitakirudisha nyuma. Hajui ni muda gani. Bibi hajaambiwa, ingawa simwamini akijifanya hajui.

Nisalimie Mjomba, aipumzishe redio. Wasalimie wanao wote, na yule mtukutu mnayemwita Waziri mwambie baraza lake la kwetu linamsubiri. Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, na akulegezee mgongo.

Najua kazi zako, najua na nauli, na makaratasi ya huko nayajua. Sikulaumu, nimechoka mno kumlaumu mtu. Lakini barua hii usiijibu, Shangazi. Njoo wewe mwenyewe, jicho likiwa bado linaona.

Ni mimi mwanao, niliyechoka na kila kitu isipokuwa kukupenda,

Fundi Makochi