Mshono wa Kofia Ulionifikisha Mstari wa Mwisho

Bibi yangu kipenzi,

Mama ananiambia ukiulizwa habari zangu huko Unguja, unajibu, "Yule aliyenianika mbele za watu?" Basi nakuandikia, maana kwenye simu tunabaki kumsikiliza jogoo wa jirani yako.

Unaikumbuka siku niliyouleta nyumbani ule mkanda wa kiunoni wa mchezo? Ulikuwa umekaa sebuleni, hapa Baghdadiya, Jidda, miwani puani, unashona kofia ya Ami. Nikakueleza kuwa chuo changu kipya, kidogo hivyo hivyo, kina timu ya wasichana ya mpira wa Kimarekani, ule wa vitambaa. Mpira wenyewe kama embe dodo. Hakuna kuangushana, kila mmoja ana vitambaa viwili kiunoni, na anayekimbia na mpira akichomolewa kimoja, anasimama hapo hapo.

Ukashusha miwani. "Wanavuana nguo?"

"Si nguo, Bibi. Vitambaa."

"Vya kiunoni?"

"Vya kiunoni."

"Astaghfirullah," ukasema, ukarudi kwenye kofia yako. Nikadhani yamekwisha.

Msimu mzima nilikaa benchi, na wallahi nilipapenda. Tulikuwa wasichana tisa tu, tukawa tunashinda mchezo baada ya mchezo, na kazi yangu ilikuwa kushika maji. Mpaka nusu fainali, hapa Jidda, mwenzetu Salma alipoteguka mguu. Kocha akaniangalia kama mtu anayefungua friji tupu. "Yalla, Rahma. Ingia!"

Katika haraka ile hakuna aliyekagua mkanda wangu. Nikapewa mpira, nikakimbia. Msichana wa kwanza akavuta kitambaa, hakikutoka. Wa pili akavuta, hakikutoka. Wa tatu aling'ang'ania mpaka nikamburura kama gunia la mchele, nikafika naye mstari wa mwisho. Pointi sita! Uwanja mzima wewe peke yako, kule kwa watazamaji, ulipiga vigelegele. Nikajitazama kiunoni: mshono wako wa kofia, ule mdogo mdogo, kitambaa hiki na hiki.

Mimi ambaye dukani humtuma mdogo wangu aniulizie bei, nikamwendea mwamuzi, huku najua bila pointi zile pengine fainali ya Riyadh tutaisikia tu.

"Samahani, vitambaa vyangu vimeshonwa."

"Nani kavishona?"

Nikakuonyesha kwa kidole. Hapo ndipo nilipokukosea, Bibi. Watu wote wakakugeukia, na kigelegele bado kipo mdomoni mwako. Mwamuzi akavuta kitambaa kuhakikisha. Nikamwendea nacho mzima mzima. Akafuta pointi. Ukasimama: "Mtoto wa kike havuliwi kitu hadharani! Kosa langu liko wapi?"

Tulishinda kwa pointi moja, kwa jasho la wenzangu. Wiki ile ile ukasafiri kwenda Unguja. Ulisema utakaa huko miezi mitatu tu.

Basi hukusikia yaliyotokea kwenye fainali ya Riyadh. Dakika ya mwisho tulikuwa mbele kidogo tu, na msichana mmoja mwepesi wa timu ya pili, mpira mkononi, akawapita wenzangu wote, nikabaki mimi. Nikamwona anakuja na vitambaa vinapepea, na sauti yako ikanijia masikioni, havuliwi kitu hadharani. Nikasema, "Samahani, dada," nikavuta.

Kikatoka. Halas, mchezo umekwisha, sisi mabingwa!

Yule msichana akanikodolea macho. "Umeniomba radhi?" Akaanza kucheka, nami nikaanza kulia.

Kombe ni dogo sana. Mama analifukizia udi.

Bibi, kusema kweli kwa mwamuzi sijutii. Kidole ndicho ninachokijuta. Ningeweza kusema "nyumbani," ikatosha. Nisamehe.

Kitambaa changu cha Riyadh nampa Shangazi akuletee. Kishone kwenye mkoba wako wa safari, mshono ule ule, mtu akivuta aje na mkoba mzima. Kisha uulete mwenyewe. Kofia ya Ami bado ina upande mmoja mtupu, na hakuna anayethubutu kuigusa.

Mjukuu wako aliyekuanika, na anayekuomba urudi,
Rahma