Mama Yake Baluku ni Nani?

Mzee Kule,

Ofisi yetu ya Kasese ipo vilevile. Kofia yako bado iko kwenye msumari na hakuna anayethubutu kuigusa. Mimi Masika, uliyenifundisha kazi, ndiye ninayewakagua sasa vibarua wa hapa na wa Bwera. Vinu vya umeme wa nyuklia vya ng'ambo vikizimwa kwa matengenezo, bado vinatuomba wachomeleaji na wasafishaji wa miezi michache, na bado vinataka kujua kila mmoja ni nani kabla hajavuka geti.

Fomu zao bado zinauliza jina la ukoo. Ulikuwa ukilicheka hilo mpaka unakohoa. Utawaelezaje watu wa mbali kwamba kwetu Baluku ni mtoto wa kwanza wa kiume tu, kila nyumba ina wake, na wewe mwenyewe uliitwa Kule kwa sababu ulikuwa wa nne? "Masika, usifunge faili bila kuuliza mama yake ni nani." Faili yangu ya kwanza uliirudisha mara tatu kwa ajili hiyo. Nilikuchukia wiki nzima.

Sasa nikuambie lililonileta. Mwezi uliopita faili ya Baluku Yosefu wa Kyondo, mchomeleaji, ilirudi mezani. Ameomba tena. Mara ya kwanza tulimkataa: uliandika kwamba alifungwa kwa kuiba nyaya za umeme, na chini yake, "asipelekwe." Pale pa jina la mama palikuwa patupu.

Nikapanda Kyondo. Mama yake, Kabugho, alikuwa anaanika kahawa. "Mutoto yangu hajalala jela hata siku moja," akaniambia. "Na hapa hakuna mutu alifika kuuliza." Ndiye aliyenielekeza: aliyefungwa ni Baluku Yosefu wa Munkunyu, mtoto wa Biira. Nilimfuata huko, wala hakuficha. Ndipo nikakumbuka: siku zile miguu yako ilikuwa imevimba, mlima huuwezi, nikakusikia ukiwauliza kwa simu watu wa sokoni Bwera. Hukuniambia ni kuhusu nani. Ungeniambia ningepanda mimi. Hilo linaniuma kuliko kosa lenyewe.

Bosi alinishauri niandike tu kwamba taarifa zimebadilika, jina lako lipumzike. Lakini hapo doa la zamani linabaki kwenye kompyuta zao, na kinu hakimchukui mtu mwenye doa. Linafutwa kwa njia moja: mkaguzi akiri kwamba alikosea. Baluku ameshakosa kazi mara moja kwa ajili yetu. Nasema yetu kwa sababu fomu ina saini mbili, na ya pili ni yangu. Niliitia chini ya yako bila kusoma, kwa kuwa wewe ulikuwa wewe.

Nimeandika, mzee. "Mkaguzi Kule alikosea mtu. Mkaguzi Masika alisaini bila kuhakiki." Jina lako nililifuta mara mbili kabla ya kuliacha, langu sikulifuta. Faili zako nyingine zinapitiwa upya, na mimi nimewekewa mtu wa kunichungulia begani. Baluku anasafiri Alhamisi. Alipokuja kuaga aliuliza nani alimkataa. Nikamwambia, sisi wawili. "Sawa, madamu," akasema, akaondoka.

Jumapili nilikuja makaburini Kitswamba kukueleza. Nilisimama karibu nusu saa nikisema haya yote, mpaka mjane wako akanikuta, akanivuta mkono: nilikuwa kwenye kaburi la Kule mwingine. Iko misalaba mitatu yenye jina hilo. Tulicheka, kisha nikalia. Nikamuuliza mama yako aliitwa nani. Miaka yote ile sikuwahi kukuuliza.

Ithungu.

Kwa heri, mzee wangu. Nitarudi na kopo la rangi nyeupe niandike msalabani pako: Kule, mtoto wa Ithungu. Asije Kule mwingine akabebeshwa kosa lako, wala akapewa machozi yako.

Masika, mtoto wa Mbambu